Seli shina ng'ambo: bei inatajwa, bidhaa haikaguliwi

MNUNUZI wa mchele aliyekomaa katika Soko la Mwanjelwa, Mbeya, hadanganywi na maandishi ya gunia. Anafahamu kwamba jina la Kyela hubandikwa hata kwenye mchele ambao haujawahi kuiona Kyela, kwa sababu jina hilo lina bei yake. Kwa hiyo huchoma gunia kwa bambo, humwaga punje kiganjani, hunusa, hutafuna, ndipo huuliza bei. Mwenzake anayenunua nyanya Ilula, mkoani Iringa, naye hufukua tenga hadi chini kuona kama juu pamepambwa tu.

Wafanyabiashara hao hao, maradhi mazito yanapoingia nyumbani, huliacha bambo mlangoni. Mtoto ana mtindio wa ubongo, au baba amepooza upande mmoja baada ya kiharusi, au mama magoti yamesagika hawezi kupanda ngazi. Kwenye simu linaingia tangazo la kliniki ya ng'ambo inayotibu yote hayo kwa seli shina. Tangazo lina picha ya mgonjwa aliyeingia kwa kiti cha magurudumu akatoka kwa miguu yake. Yupo wakala anayezungumza Kiswahili safi, na ipo bei kwa dola. Haupiti muda kiwanja kinatafutiwa mteja, SACCOS inaombwa mkopo, na kundi la michango linafunguliwa.

Mahesabu yake hayahitaji mtaalamu. Bei za kliniki hizo hutajwa kwa maelfu, na mara nyingi kwa makumi ya maelfu ya dola. Zikiwa ni dola 20,000, na dola ikibadilishwa kwa Sh 2,500, hiyo ni Sh milioni 50 kabla ya tiketi ya mgonjwa na msindikizaji, viza, malazi na chakula. Kwa mkulima wa mahindi anayeuza gunia la kilo 100 kwa Sh 70,000, ni magunia 714, yaani malori mawili ya tani 30 kila moja na mzigo mwingine unaobaki uwanjani. Kwa duka la kati la vifaa vya ujenzi Makambako au Tunduma, huo ni mtaji wote wa kuzungusha. Ukiondoka haurudi kwa msimu mmoja, na huenda usirudi kabisa.

Hakuna anayepinga mtu kumuuguza mzazi wake kwa mali yake yote. Mali ni ya nini kama si hiyo? Tatizo ni kwamba familia nyingi zinalipa pasipo kujua zimenunua nini, na wauzaji wanalijua hilo.

Jina moja, bidhaa mbili

Chini ya jina la seli shina zipo biashara mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni upandikizaji wa uloto, yaani ule ute laini ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Seli mama za damu zimo humo, na madaktari wamekuwa wakizipandikiza kwa zaidi ya nusu karne. Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1990 kwa kazi hiyo. Tiba hii inafahamika inachofanya na isichofanya: hutumika kwa baadhi ya saratani za damu, kwa uloto ulioshindwa kufanya kazi, kwa thalasemia na kwa seli mundu.

Wengi Nyanda za Juu Kusini bado hawajasikia kwamba tiba hiyo imekwisha kuingia nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye seli mundu mwaka 2023. Kutoka Iringa mjini hadi Dodoma kwa barabara ya lami ya kupitia Mtera ni kilometa 260 hivi. Yaani mzazi wa Iringa yuko karibu zaidi na upandikizaji wa Dodoma kuliko alivyo karibu na Dar es Salaam, na hata yule wa Mbeya anafika Dodoma kwa safari fupi kuliko ile ya kilometa zaidi ya 800 ya kwenda Pwani. Ni ajabu kidogo kwamba jina la kliniki ya ng'ambo linajulikana vijiweni kuliko la hospitali hiyo.

Hata hivyo tiba hii ya kweli haiuziki kwa urahisi, na hilo lenyewe ni alama. Kwa mtoto wa seli mundu anatafutwa kwanza mtoaji, na anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye chembe zake zinaoana na za mgonjwa. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kuoana. Familia yenye watoto wawili inaweza kabisa kukosa. Akipatikana, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wa zamani, hulazwa wiki kadhaa akitengwa na watu kwa kuogopa maambukizi, na zipo hatari za kupoteza uwezo wa kuzaa au seli mpya kuushambulia mwili ulizopokelewa. Watoto waliopata ndugu aliyeoana nao kikamilifu hupona vizuri, zaidi ya tisa kati ya kumi huishi. Lakini daktari mwaminifu humweleza mzazi hatari hizo kabla ya kumweleza matumaini, na humpa karatasi ya kusaini ambayo inatisha kuisoma.

Ipo pia tiba mpya ya jeni kwa seli mundu. Casgevy iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023. Seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hurekebishwa maabara na kurudishwa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ambazo kwa kiwango kile kile cha ubadilishaji ni Sh bilioni 5.5. Mfanyabiashara anaelewa maana ya bei hiyo pasipo kuelezwa. Akitokea mtu anayenadi tiba ya jeni ya seli mundu kwa dola 15,000, basi anauza kitu kingine.

Biashara ya pili ndiyo inayojaza matangazo. Hapa seli hukamuliwa kwenye mafuta ya tumbo, kwenye uloto au kwenye kitovu cha mtoto mchanga, kisha hudungwa mshipani, kwenye uti wa mgongo, gotini au hata jichoni. Orodha ya maradhi yanayodaiwa kutibika ni ndefu: kiharusi, usonji, mtindio wa ubongo, kisukari, figo, macho, magoti, nguvu za kiume na uzee wenyewe. Mganga wa kienyeji anayetibu yote hayo kwa chupa moja huchekwa stendi ya Nane Nane. Mwenye koti jeupe na picha ya maabara hachekwi.

Haki itendeke. Utafiti unaendelea na baadhi yake unatia moyo kweli. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya kampuni ya Marekani ya Vertex, ambayo hisa zake huuzwa katika soko la Nasdaq na ndiyo iliyoshiriki kuitengeneza Casgevy. Wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya kwanza walipandikizwa chembe za kutengeneza insulini zilizooteshwa kutokana na seli shina, na baada ya mwaka mmoja 10 kati yao walikuwa hawahitaji tena kudunga insulini. Ni habari kubwa. Lakini wagonjwa hao wanalazimika kumeza dawa za kupunguza kinga ya mwili, walikuwa 12 tu, na kisukari chao ni kile cha aina ya kwanza, ambacho si kile kinachowapata wazee wengi wa Mbeya na Iringa wakiwa na miaka 50 au 60. Wakala akimwonyesha mzee habari hiyo kama ushahidi wa kliniki yake, amebandika jina la Kyela kwenye gunia lisilo la Kyela.

Anayetafiti hamtozi mgonjwa

Wakazi wa Mbeya wana faida moja ambayo mikoa mingi haina. Mjini humo kipo kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR, ambacho kwa miaka mingi kimeshiriki majaribio ya chanjo za Ukimwi na dawa za kifua kikuu. Mamia ya watu wa kawaida, wakiwamo wachuuzi na akina mama lishe, wamewahi kushiriki au wana jirani aliyeshiriki. Wanajua utaratibu ulivyo. Mshiriki anaelezwa kwa Kiswahili kitu gani kinajaribiwa na hatari zake, anapewa muda wa kufikiri, anasaini, anaruhusiwa kujitoa siku yoyote, anafuatiliwa kwa miezi au miaka, na hatozwi hata senti. Hurudishiwa nauli.

Na majaribio yakishindwa, hutangazwa kwamba yameshindwa. Jaribio la chanjo la PrEPVacc lililofanyika Uganda, Afrika Kusini na Tanzania, Mbeya ikiwamo, lilisimamisha utoaji wa chanjo Novemba 2023 baada ya kamati huru kuona kwamba hakuna dalili ya kutosha kuwa chanjo hizo zingekinga. Watafiti walisimama hadharani wakasema hivyo. Ni kliniki ipi ya seli shina iliyowahi kutangaza idadi ya wagonjwa wake ambao hawakupata nafuu?

Hapo ndipo penye kipimo ambacho familia ya Mbeya inaweza kukitumia bila kujua hata neno moja la udaktari. Kama tiba imethibitishwa, kuna kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi husika kinachotaja ugonjwa huo kwa jina. Kama bado inajaribiwa, gharama ya jaribio ni ya anayejaribu. Anayesema tiba yake ni "utafiti wa kisasa" na papo hapo anadai dola 20,000, amechagua kinachomfaa kutoka pande zote mbili. Mgonjwa amelipia nafasi ya kuwa panya wa maabara ambaye hakuna anayeandika matokeo yake.

Yaliyowapata wanawake watatu wa jimbo la Florida, Marekani, yanaonyesha ubaya wa mchanganyiko huo. Walikuwa wazee wenye ugonjwa wa macho unaofifisha uoni polepole. Mwaka 2015 kila mmoja alilipa dola 5,000 kliniki ikakamua seli kwenye mafuta ya tumbo lake na kumdunga macho yote mawili kwa siku moja. Wawili kati yao walikuwa wamelipata jambo hilo katika daftari la serikali ya Marekani linaloorodhesha majaribio ya tiba, wakaamini limekaguliwa. Walipofuka. Madaktari waliowapokea waliandika habari zao katika jarida la New England Journal of Medicine mwaka 2017, na mwaka 2019 mahakama ilikubaliana na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kwamba kliniki hiyo ilivunja sheria. Ikiwa hayo yametokea Florida, kwenye wanasheria wengi kuliko mbu, mgonjwa wa kutoka Vwawa au Mafinga anayetibiwa katika nchi asiyojua hata lugha yake atamdai nani?

Jarida hilo hilo mwaka 2016 lilieleza habari za mwanamume aliyekuwa amepata kiharusi, akazunguka China, Argentina na Mexico akidungwa seli katika uti wa mgongo. Uvimbe uliota ndani ya uti wake, na vipimo vikaonyesha kwamba chembe za uvimbe huo hazikuwa zake bali za mtu mwingine. Kuna mtoto wa Israeli aliyetibiwa Moscow kuanzia mwaka 2001 ambaye naye aliota uvimbe wa ubongo uliotokana na seli za watoaji. Habari zake zilichapishwa mwaka 2009. Seli si dawa inayoisha mwilini kwa mkojo. Ikishaingia, inaweza kukaa, kuhama na kuota.

Sifa za kuazima

Watanzania wengi wanaokwenda nje kwa matibabu huenda India, na hospitali za nchi hiyo zimewatibu moyo, figo na saratani kwa ustadi ambao hakuna wa kuubeza. Sifa hiyo waliipata kwa haki. Tatizo ni kwamba sifa huazimwa. Kliniki ya ghorofa moja katika jiji lile lile hutumia jina la nchi na picha za majengo makubwa, na familia ya Uyole haiwezi kutofautisha.

Ambalo wakala halisemi ni kwamba India yenyewe imelikataza jambo hilo. Mwongozo wa taifa wa utafiti wa seli shina wa mwaka 2017 unaeleza kwamba nje ya upandikizaji kwa maradhi ya damu, matumizi yote ya seli shina kwa wagonjwa ni lazima yawe ndani ya jaribio lililosajiliwa na kupata kibali. Mwaka 2022 baraza la madaktari la nchi hiyo likasema wazi kwamba seli shina hazipendekezwi kwa tiba ya usonji. Kwa hiyo familia inayoahidiwa tiba ya usonji huko iombe namba ya usajili wa jaribio katika daftari la taifa la India, CTRI. Namba hiyo hutafutwa bure kwa simu. Namba peke yake haitoshi, kama Florida ilivyoonyesha, lakini isipokuwepo hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo.

China ilikuwa soko kubwa la biashara hii hadi Wizara yake ya Afya ilipoagiza mwezi Januari 2012 tiba zisizo na kibali zisimamishwe. Ujerumani, nchi isiyofikiriwa kuwa ya ujanja, ilikuwa na kituo cha XCell-Center kilichopokea wagonjwa wa kigeni hadi kilipofungwa mwaka 2011, baada ya mtoto kufariki. Sheria zikibana hapa, biashara huhamia kule, kama magendo ya sukari yanavyobadilisha njia za panya. Jina la nchi kwenye tangazo halithibitishi kitu.

Hata Marekani yenye maabara zote hizo, ni Desemba 2024 tu ndipo FDA ilipoidhinisha kwa mara ya kwanza dawa ya seli za aina ile ambayo kliniki nyingi huinadi kwa kila ugonjwa, zile ziitwazo za mesenkaimu. Na iliidhinishwa kwa kazi gani? Kwa watoto ambao wamepandikizwa uloto na seli mpya zikawashambulia, dawa za kawaida zikashindwa. Basi.

Eneo hili lina sababu moja zaidi ya kuwa na tahadhari, nayo ni Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Kila mara vyombo vya habari vya dunia vinapotangaza kwamba mtu mwingine "amepona Ukimwi kwa seli shina", simu hulia Nyanda za Juu Kusini. Habari hizo ni za kweli, lakini zinasomwa nusu.

Wa kwanza alikuwa Mmarekani Timothy Ray Brown, aliyetibiwa Berlin. Hakupandikizwa kwa sababu ya VVU. Alikuwa na saratani ya damu ambayo ingemuua, na daktari wake akamtafuta mtoaji mwenye hitilafu nadra ya kuzaliwa inayozuia virusi kuingia kwenye seli. Alipandikizwa mwaka 2007 na tena 2008, nusura afe. Alipona VVU, akaishi hadi Septemba 2020 alipouawa na saratani ile ile iliyorudi. Waliofuata ni wachache wa kuhesabika kwa vidole, na wote walikuwa na maradhi ya damu au saratani kwanza. Hitilafu ile kwa ukamilifu wake huonekana kwa mtu mmoja hivi kati ya 100 wa asili ya Ulaya Kaskazini, na kwa Waafrika karibu haipo. Hakuna daktari makini anayempandikiza uloto mtu ambaye tatizo lake ni VVU peke yake, kwa sababu upandikizaji unaweza kumuua, wakati vidonge vya ARV anavyopewa bila malipo katika kituo cha afya vinamwezesha kuishi karibu sawa na asiye na virusi. Atakayeuza kiwanja ili akadungwe, kisha akaacha vidonge kwa kuamini amepona, atarudi nyumbani akiwa hana kiwanja wala kinga.

Nchi imewahi kuliona jambo la namna hii. Mwaka 2011 kikombe cha Babu wa Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Samunge, kiliuzwa Sh 500 tu, na malori na mabasi yalijipanga kwa makumi ya kilometa. Wapo waliofia kwenye foleni. Mzee yule hakutajirika kwa Sh 500. Walioneemeka ni wenye magari, wauza maji na wapangishaji wa mahema. Tofauti ya sasa ni kwamba kikombe chenyewe ndicho chenye bei.

Na kwa wawekezaji wadogo kuna tawi jingine la biashara hii. Mjini na vijijini vinazungushwa vipakiti vya unga vinavyodaiwa kuwa ni "seli shina" za tofaa au zabibu, vikiuzwa kwa mtindo wa kuingiza wanachama na kupata asilimia kwa kila anayefuata chini. Tumbo la binadamu humeng'enya chembe ya tofaa kama linavyomeng'enya tofaa. Faida inayotangazwa hutokana na kiingilio cha mwenzako zaidi ya unga wenyewe, na waliochoma vidole kwa mbegu za DECI mwaka 2009 hawahitaji kuelezwa mchezo huo unavyokwisha.

Mhasibu wa kamati

Kamati ya harusi ya Kitanzania, hata ile ya vijana, huleta bei tatu za ukumbi na kugombana saa nzima kuhusu kreti za soda. Kamati ya matibabu haigombani. Kuuliza maswali huonekana kama kumtakia mgonjwa kifo, hivyo fedha huchangwa, hutumwa kwenye akaunti iliyotajwa kwenye ujumbe wa simu, na kila mmoja hunyamaza. Adabu hiyo ndiyo mtaji wa wakala. Katika biashara ya kupeleka wagonjwa nje ni jambo la kawaida wakala kulipwa kamisheni na hospitali inayompokea mgonjwa, na hakuna dhambi katika dalali kulipwa. Lakini dalali wa muuzaji asikaliwe naye kana kwamba ni daktari wa mnunuzi.

SACCOS, VICOBA na vyama vya wafanyabiashara vya Mbeya na Iringa vina nguvu ambayo mgonjwa mmoja hana, kwa sababu fedha hupitia kwao kabla ya kufika ng'ambo. Vinaweza kuweka sharti moja tu: mkopo au mchango wa tiba ya seli shina usitoke hadi iwepo barua ya daktari bingwa, ama wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ama wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, inayotaja ugonjwa, iliyopendekeza tiba hiyo, na kueleza kwa nini haipatikani Muhimbili wala Dodoma. Wapo watakaosema huo ni ukiritimba na mgonjwa atakufa akisubiri barua. Kwa saratani ya damu, daktari mwenyewe ataharakisha, maana siku zina thamani. Kwa mtindio wa ubongo, usonji au magoti, kusubiri wiki tatu hakumpunguzii mgonjwa chochote, ila kunampunguzia wakala haraka yake.

Barua ikipatikana, mambo mengine yaulizwe kwa maandishi na yajibiwe kwa maandishi. Seli zinatoka kwa nani, kwa mgonjwa mwenyewe au kwa mtu mwingine, na zimepimwa maradhi gani? Wagonjwa wangapi wa ugonjwa huu wametibiwa, na wangapi hawakupata nafuu? Nani atagharamia homa au maambukizi yakitokea mgonjwa akiwa amekwisha kurudi Mbalizi? Atapewa nakala ya kumbukumbu zake zote, zikieleza kilichodungwa na kiasi chake? Hili la mwisho hupuuzwa mno. Daktari wa Mbeya anayempokea mgonjwa mwenye homa kali baada ya safari hawezi kufanya kazi kwa kadi ya biashara yenye picha ya jua linalochomoza.

Kuna na suala la malipo ya awali. Kliniki nyingi hudai sehemu ya fedha itumwe ili "kushikilia nafasi" au "kuanza kuotesha seli". Familia iliyokwisha kutuma kiasi hicho hujiona imefungwa, ikaendelea kulipa kwa kuogopa kupoteza kile cha kwanza. Mfanyabiashara wa viazi wa Rungwe aliyelipa arubuni ya shamba, kisha akakuta mizizi imeoza, hanunui shamba zima ili kuiokoa arubuni. Humwachia mwenye shamba, akarudi barabarani kutafuta shamba jingine kabla malori ya Dar es Salaam hayajaondoka.